Manyoya ya Waziri

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kapiga simu. Goti limepona. Anakuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Miezi mitatu nimeishi kwa amani kwa sababu ya goti lile, na sasa daktari fulani asiye na huruma amelitibu.

Shemeji ni dada wa marehemu mke wangu. Alikuwa mwalimu mkuu. Amestaafu, lakini kazi haijamtoka. Hakuniuliza nakula nini wala nalalaje. Aliuliza kama Waziri hajambo. Nikasema hajambo sana, manyoya yanang'aa utadhani hariri. Akasema vizuri, maana kikapu cha kumbebea ameshakinunua, na akikuta paka wa dada yake anatunzwa ovyo, ataondoka naye siku hiyo hiyo.

Nikacheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi.

Waziri ni paka wa kijivu mwenye manyoya marefu. Mke wangu alimpa jina hilo kwa sababu anatembea polepole, anaingia popote bila hodi, na hakuna ajuaye kazi yake ni ipi. Kila jioni alikuwa akimchana pale barazani, dakika kumi, huku akimsimulia habari za mtaa. Ana miezi saba kaburini. Miezi saba sijamchana paka huyu hata mara moja. Paka hujilamba, nilijiambia. Mungu kampa ulimi.

Leo nimepiga magoti nikammulika kwa tochi chini ya kitanda, ndiko anakoshinda siku hizi. Lo! Tumboni, kwapani, nyuma ya masikio, manyoya yamesokotana mabonge mabonge. Mgongoni yameshikana kama zulia la kufutia miguu. Nikimgusa ananguruma.

Niseme kweli, maana humu hasomi mtu. Shemeji akimchukua Waziri, nyumba hii itabaki na mimi na cherehani. Na cherehani haipumui.

Siku sita. Zinatosha. Mimi ni fundi. Kilichosokotana hufumuliwa.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi yoyote huanza na vipimo. Nimempima Waziri kwa futi na kuandika kwenye daftari la wateja. Kifua: sentimita thelathini na nane. Shingo hadi mkia: arobaini na tano. Mabonge: kumi na moja. La kumi na mbili nililigundua aliponing'ata.

Uamuzi: kumwosha. Nilifikiri hivi: mabonge ni uchafu, uchafu hutolewa kwa sabuni, kwa hiyo sabuni. Hesabu safi kabisa. Nikapasha maji, nikajaza beseni, nikapandisha mikono ya shati. Sitaeleza yaliyofuata. Itoshe kusema beseni limepasuka, pazia limeshuka na fimbo yake, na mimi nina mistari kifuani kama karatasi ya shule.

Alipokauka juani nikaenda kutazama ushindi wangu. Mabonge yamekuwa madogo. Nikashangilia! Nikayagusa. Yamekuwa madogo kwa sababu yamejikaza. Magumu kama kokwa, na yamevuta mpaka ngozi.

Miaka thelathini na moja nawaambia wateja: sweta la sufu usilitie maji ya moto, litajikunja, halitafaa hata kwa mtoto. Nimewaambia watu hata sauti imenikauka. Na leo nimemchemsha paka mwenye sufu mwili mzima. Kinyozi hajinyoi, walisema. Hawakusema huwa anafanya nini badala yake.

Waziri karudi chini ya kitanda. Hakula.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwa msusi. Chumba chake kimepakana na duka langu, ukuta mmoja, kwa hiyo nyimbo zake zote nazijua na yeye kelele za cherehani yangu anazijua. Sikumwambia ni paka. Nilisema nina mtu wangu, nywele zimemsokotana, nataka dawa kali ya kunyooshea.

Akaniuliza huyo mtu ana umri gani. Nikasema miaka sita. Akang'aka! Nikalazimika kusema ni paka. Akacheka mpaka akakaa chini, na mama aliyekuwa akisukwa naye akacheka na nusu ya kichwa chake hewani.

Kisha akawa mtu mzima kunishinda. Alisema dawa ile itamuunguza, na akijilamba itamuua. Alisema nimtie unga mkavu wa mahindi kwenye kila bonge, nilifungue kwa vidole taratibu kuanzia ncha, kamwe si kuanzia kwenye ngozi, bonge moja kwa siku, akichoka nimwache. Na yale yaliyoshika ngozi nimwachie daktari wa mifugo. Akauliza namchana na kichana gani.

Nikasema nitatafuta.

Kichana kipo. Kipo kwenye mtoto wa meza, upande wa kitanda aliolalia mke wangu. Kina manyoya ya Waziri, na katikati ya manyoya kuna unywele mmoja mrefu ambao si wa Waziri. Alikuwa akijichania kidogo pale mbele, kwa utani, akimaliza kumchana paka. Nilikuwa nikimkataza. Sasa nikifungua mtoto ule, naufunga papo hapo. Basi. Sina zaidi ya kuandika juu ya kichana.

Zaidi ya hayo, ushauri wa msusi una kasoro. Mabonge kumi na mawili, bonge moja kwa siku, ni siku kumi na mbili. Mimi nina nne. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akakitazama kipara changu, akasema anaona.

Uamuzi wangu mwenyewe: mafuta ya kupikia. Bawaba iliyokwama hutiwa mafuta, sembuse nywele. Nilimpaka kikombe kizima. Akaniponyoka mkononi kama sabuni, akaingia dukani, akapita chini ya meza ya kukatia, mahali ambapo sijafagia tangu wiki iliyopita, akapanda juu ya sare nyeupe ya muuguzi mmoja, mteja wangu, kisha akarudi chini ya kitanda.

Nimemmulika. Mabonge yapo yote kumi na mawili, na sasa yana nyuzi nyekundu, nyuzi za buluu, vipande vya bitana na vifungo viwili.

Sare nitaifua kesho.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya. Naandika kifupi.

Asubuhi nilijiuliza: fundi anafanya nini na uzi uliojifunga fundo? Anauvuta juu kidogo, anapitisha mkasi chini, kap! Nimefanya hivyo mara elfu bila kutazama. Nikachukua mkasi mzuri, ule ambao hata mke wangu sikumruhusu akatie karatasi. Nikamshika Waziri kati ya magoti. Nikalivuta juu bonge la ubavuni. Nikapitisha mkasi.

Kitambaa hakilii.

Nilipolivuta lile bonge, ngozi ilipanda nalo. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika, sikujua. Sasa najua. Kidonda urefu wa tundu la kifungo. Damu haikuwa nyingi, lakini nikakaa sakafuni na mkasi mkononi nikimwambia samahani, samahani baba, samahani. Yeye hakukimbia. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa tu, kama mtu aliyezoea.

Nikamfunga katika bitana na kukimbia naye kwa daktari wa mifugo. Nimevuka barabara tatu na viatu vya nyumbani.

Daktari ni binti mdogo mwenye miwani, mpole, na upole wake ulinitisha kuliko makaripio. Aliuliza kwa nini paka amelowa mafuta. Nikajitia hamnazo. Akatoa kifungo kimoja kwapani, akakiweka mezani mbele yangu. Kisha kingine.

Alimchoma sindano ya usingizi, akamnyoa kwa mashine, akashona nyuzi tatu. Nilizitazama. Nzuri, zinalingana. Alipomaliza akanionyesha ngozi chini ya manyoya. Nyekundu. Mahali pengine mbichi. Akasema bonge likishakaza huvuta ngozi kila mnyama anapopiga hatua, kila anapoinama kula, kila anapogeuka usingizini. Akasema nifikirie mtu amenikamata nywele kwa ngumi na haniachii, wiki hadi wiki. Akauliza kama aliacha kuruka juu ya vitu. Kama anajificha. Kama hali vizuri.

Nikasema ndiyo, tangu kama miezi minne. Nikasema nilidhani ni huzuni. Mama yake alikufa.

Daktari akasema pole, na akarudi kufuta mashine yake.

Miezi minne nilikuwa nikilala juu ya kitanda na yeye chini yake, nikijiambia angalau tuko wawili tunaoomboleza. Nilikuwa najivunia hilo! Nilimwambia hata msusi kwamba paka yule ana moyo kuliko binadamu. Kumbe alikuwa na maumivu tu, na mimi nimelala juu yake najionea huruma.

Alhamisi, 13 Juni

Waziri yuko nyumbani. Sina budi kumwelezea. Kichwa kina manyoya. Miguu ina manyoya kuanzia magotini, kama soksi. Mkia una manyoya. Kati ya kichwa na mkia hakuna kitu: ngozi ya waridi yenye mikunjo na nyuzi tatu. Nimeona kuku walionyonyolewa wenye heshima zaidi.

Saa tatu alikula sahani nzima. Saa nne aliruka juu ya meza ya kukatia, akatembea juu ya kitambaa, akakaa penye jua. Hajafanya hivyo tangu mwezi wa pili. Nikamtazama kwa muda mrefu, kazi imenishinda.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini keshokutwa ni Jumamosi.

Kumficha haiwezekani. Kusema kapotea, Shemeji atabandika matangazo na kuhoji mtaa mzima. Kusema ni paka wa aina nyingine, atauliza kichwa cha Waziri kimefikaje pale. Nikakaa nikijikuna kipara. Ndipo macho yangu yakatua kwenye koti.

Ni koti la mteja mmoja, mama mwenye sauti ya kengele ya shule. Ameleta nimbadilishie kola. Kola mpya kaleta yeye: manyoya ya bandia, marefu, laini. Ya kijivu!

Sikuiba. Naazima. Atakuja kulichukua Jumatatu. Jumamosi jioni kola itakuwa imerudi shingoni mwa koti na hakuna atakayejua ilikuwa wapi.

Vipimo ninavyo tayari.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeshona kizibao cha manyoya. Kina bitana ya pamba ili kisimkwaruze kidonda, na vifungo vitatu vidogo tumboni visivyoonekana. Niseme bila kujisifu: ni kazi bora kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Majaribio ya kwanza. Nikamvalisha. Akasimama sekunde moja, kisha akaanguka ubavu, mzima mzima, kama ubao. Nikadhani kafa! Nikamvua, akasimama. Nikamvalisha, akaanguka. Mara tano. Daktari nikampigia simu, nikamuuliza kwa mzunguko. Akasema paka wengi wakivikwa nguo huganda, na kwa nini nauliza. Nikakata.

Jaribio la sita akatembea. Anatembea chini chini, tumbo likigusa sakafu, lakini anatembea. Nikarudi nyuma hatua tatu nione kwa mbali, anavyotazama mteja. Ndipo nikaona. Nimekata kinyume. Manyoya yote yanalala kuelekea kichwani. Kosa ambalo nilimfukuzia mwanafunzi wangu mmoja zamani, na mke wangu akanilaumu nikamwambia fundi wa kweli hafanyi kosa hilo.

Kukata upya, kola haitoshi. Nitafunga mapazia. Gizagiza kidogo, na Shemeji havai miwani kwa sababu ya majivuno. Twende hivyo hivyo.

Msusi alichungulia mlangoni. Akamtazama Waziri, akanitazama mimi, akasema taratibu kwamba Jumamosi angeweza kufunga mapema aje akae na mimi huyo dada wa marehemu akifika, nisiwe peke yangu, na kwamba nikisema ukweli tu hadhani kama mwalimu yule ataniuma. Nikamwambia asijali, kila kitu kiko tayari.

Jumamosi, 15 Juni

Shemeji alifika saa nne kamili, na kikapu. Alifungua mapazia kabla hata ya kuketi.

Waziri alikuwa juu ya kabati. Nilisema amepumzika, tumwache. Shemeji akamwita kwa sauti ileile. Sauti za ndugu wale zilifanana, nilikuwa nimesahau. Mimi mwenyewe niligeuka. Na Waziri akaruka chini mara moja na kumwendea, tumbo chini, manyoya mbele, kama paka anayesukumwa na upepo wa nyuma.

Shemeji aliweka kikapu chini. Aliinama, na goti lile.

Wakati huo huo mlango wa dukani ukagongwa. Mama wa koti! Kaja mapema. Kuna safari, kasema, anataka koti lake leo. Nikamwambia bado kidogo, bado kola tu. Akauliza kola iko wapi. Waziri, aliyekuwa hajawahi kupenda wateja, akachagua siku hiyo kuja kumnusa viatu.

Mama yule akaitazama kola yake ikitembea.

Alichosema sitakiandika. Aliondoka na koti lisilo na kola, na kola akasema nibaki nayo, havai kitu kilichovaliwa na paka, na mtaa mzima utajua. Msusi aliniambia baadaye kwamba alisikia kila neno kupitia ukuta, na hata wateja wake walinionea huruma.

Niliporudi ndani, Shemeji alikuwa ameketi sakafuni na Waziri mapajani. Amekwisha kumvua. Kizibao kimekunjwa vizuri pembeni. Alikuwa akipitisha kidole karibu na zile nyuzi tatu. Nilikuwa nimetayarisha maelezo manne. Hata moja halikutoka. Nikasimama pale mlangoni nikasema yote, kuanzia sabuni mpaka mkasi. Nikasema na ile habari ya huzuni chini ya kitanda.

Hakunikaripia. Aliuliza tu, kichana cha dada yake kiko wapi.

Nikaenda nikakileta. Akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akauona ule unywele. Mwalimu mkuu aliyestaafu, aliyetisha watoto mia tisa, alilia kama mtoto. Nami nikalia. Tulikaa sakafuni tukilia, na paka mwenye soksi katikati yetu akijilamba bila kikwazo.

Kisha akafuta uso, akamtia Waziri kwenye kikapu. Ndiyo. Alimchukua. Alisema ameshaahidi na hawezi kuvunja neno lake. Lakini akasema hivi: nyumba yake si mbali, mitaa miwili tu. Niende kila siku saa kumi. Nimchane mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kichana kile. Kichwa na mkia bado vina manyoya, nianze navyo. Dakika kumi. Nikifanya hivyo mpaka mwisho wa mwezi wa saba bila kukosa, siku ya mwisho nitaondoka na Waziri wangu.

Mlangoni akasema hataki kuninyang'anya Waziri, anataka nimshike tu.

Kichana amekiacha juu ya meza.

Jumapili, 16 Juni

Nyumba iko kimya. Nimeinama mara mbili kutazama chini ya kitanda.

Saa tisa nilivaa viatu. Nikashika kichana. Nikafika mlangoni. Nikakirudisha kwenye mtoto wa meza, nikavua viatu. Kesho nitakuwa na nguvu zaidi.

Ijumaa, 21 Juni

Wiki ya kazi ngumu! Sijapata hata muda wa kuandika. Wala wa kwenda kwa Shemeji, lakini kwa sababu nzuri mno.

Wazo lilinijia Jumatatu, nimekaa kwenye cherehani. Sindano inapanda na kushuka mara mia kwa dakika. Je, pale penye sindano pangekuwa na kichana? Unamweka paka juu ya meza, unakanyaga, unamsogeza mbele taratibu kama pindo la gauni. Dakika moja, amechanwa mwili mzima! Hakuna mabonge, hakuna mkasi, na kile kichana kingine hakihitaji kutoka mahali kilipo. Shemeji akiona mtambo huu atanirudishia Waziri kabla ya mwezi kwisha, na wa kwake atanunua.

Nimefunga kichana cha plastiki kwa skrubu mbili. Jana nilifanya majaribio kwenye ile kola ya kijivu. Imetoka vipande viwili. Kasi imezidi, hilo tu. Napunguza.

Shemeji kapiga simu mchana. Anasema tangu Jumapili, kila siku ikifika saa tisa na nusu, Waziri anakwenda kukaa mlangoni, na haondoki mpaka giza. Ndiyo saa aliyokuwa akianza kumsubiri dada yake amchane. Anasema kiti changu ameshakiweka pale pale karibu na mlango. Akauliza kama leo naenda.

Nikamwambia leo siwezi, nabadilisha mkanda wa cherehani.